Mwanga Uliozidi Mkono

"Dada Yudith, hivi mtoto akipigwa eksirei mbili si anapona upesi kuliko aliyepigwa moja?"

Aliyeuliza ni Sharifa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale Same mjini, jioni moja akiwa amekaa mlangoni kwake anachambua tangawizi juu ya gunia. Aliuliza kwa nia njema kabisa. Mjukuu wa dada yake alikuwa amepigwa picha mbili za mguu, mtoto wa jirani mwingine akapigwa moja, na yule wa picha mbili ndiye aliyetangulia kutembea. Sharifa alikuwa amekaa na hesabu hiyo kichwani wiki nzima, akimsubiri mtu wa hospitali apite.

Yudith ndiyo kwanza alikuwa anatoka kazini. Aliweka mkoba chini, akakaa kwenye kigoda alichosogezewa.

"Eksirei si dawa, Sharifa. Haiponyi kitu. Ichukulie kama kurunzi, inaonyesha tu palipovunjika."

"Kurunzi." Sharifa akakwangua udongo kwenye tangawizi kwa kucha. "Mbona ninyi wenyewe mnaikimbia? Nimekuja pale na mguu wangu, yule kijana akabonyeza huku amejificha nyuma ya ukuta. Tangu lini mtu akakimbia kurunzi?"

Sharifa, ambaye hakusoma lolote la mionzi, alikuwa ameuliza jambo ambalo wenye vyeti ukutani hawajiulizi. Wao wanajificha nyuma ya ukuta kila siku, na kila siku wanamwacha mtoto juu ya meza, mwanga wa mashine umemfunika kuanzia kidevu hadi magotini, kwa ajili ya kidole kimoja kilichobanwa na mlango.

Yudith alizaliwa Mhezi, juu kule kwenye milima ya Upare, kwenye nyumba ambayo ukitoka nje asubuhi ukungu unakuingia puani. Alimaliza darasa la saba, akalima, akaolewa, akafiwa na mume mapema. Aliposhuka Same na watoto wawili alipata kazi ya kudeki kwenye kituo cha afya kando ya barabara kuu, kituo ambacho hakina haja ya kutajwa jina hapa. Alideki wodi, akadeki maabara, na mwaka 2004 akapelekwa chumba cha eksirei kuwa mhudumu. Kazi yake ilikuwa kupanga foleni, kuwavua watoto nguo zenye vifungo, kubadilisha shuka la meza, na kuwatuliza wanaolia. Kutuliza alikuwa anakujua. Mtoto wa watu alikuwa akimshika mkono, anamwimbia taratibu nyimbo za kwaya yao ya akina mama pale usharikani, na mtoto ananyamaza kusikiliza.

Aliyekuwa na mashine siku hizo ni mzee Zebedayo, mzaliwa wa Kighare huko huko milimani, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Zebedayo hakuwa mwepesi wa maneno mazuri. Siku ya kwanza tu alimwita Yudith mezani, akawasha taa ya mashine. Mraba wa mwanga ukashuka juu ya shuka.

"Unaona huu mwanga? Unapofika, na mionzi itafika hapo hapo. Hivi vifundo viwili ni vya kuuongeza na kuupunguza. Mtoto akija na mkono, mwanga uwe wa mkono. Ukiona umegusa tumbo lake na mimi sijaona, nikanyage mguu."

"Nikukanyage, baba?"

"Nikanyage kabisa."

Alimkanyaga mara mbili tu katika miaka kumi na tano, na mara zote mbili mzee alimshukuru.

Zebedayo alikuwa na karatasi ukutani, karatasi ya daftari la mistari, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mtoto mchanga, mtoto wa mwaka, wa miaka mitano, wa miaka kumi, mtu mzima mwembamba, mtu mzima mnene. Mbele ya kila mmoja ameandika namba za kuweka kwenye mashine, na za mtoto zilikuwa ndogo sana kuliko za mkubwa. Alikuwa akisema mwili wa mtoto bado unajijenga, na ana miaka mingi mbele yake, kwa hiyo mionzi ambayo mzee kama yeye angeibeba hadi kaburini bila habari, mtoto ana muda wa kuja kuumwa kwa ajili yake. Picha moja inayotakiwa si ya kuogopa, alisema, na mzazi anayemkatalia mwanawe picha inayotakiwa anamkosea. Ubaya uko kwenye ile isiyotakiwa, na ile ya kurudia kwa uzembe, na ile iliyopigwa kwa nguvu ya mtu mzima.

Wala hakukubali Yudith awe ndiye wa kuwashika watoto wakati wa kubonyeza. "Mama yake atashika leo, basi. Wewe utashika leo, kesho, na mwaka kesho." Kwanza anamuuliza mama kama ana mimba, kisha anamvalisha ile aproni nzito yenye madini ya risasi ndani, anamwonyesha pa kushika. Akishamaliza, aproni inatundikwa kwenye mti wake kama koti la mchungaji. Haikunjwi, maana ikikunjwa inapasuka ndani bila kuonekana, na mionzi inapita kwenye ufa.

Zebedayo alistaafu mwaka 2019. Baadaye ikaja mashine mpya yenye kompyuta, chumba kikapakwa rangi, na mafundi wakabandua karatasi yake wakaitupa kwenye ndoo ya taka. Yudith aliiokota. Aliipangusa chokaa, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Pamoja na mashine mpya akaja Fredrick, mpigaji picha kijana.

Si kijana mbaya, na ndiyo maana jambo lenyewe linauma zaidi. Alikuwa anaamkia wakubwa, shati limenyooka, na alinunulia chai watu wa zamu. Lakini mwanga hakuupunguza. Aliuacha wazi kama ulivyokuja, anabonyeza, kisha anakaa kwenye kompyuta na kukata picha kwa mausi, huku na huku, hadi unabaki mkono peke yake. Daktari akiletewa anaona mkono mzuri, safi, uko katikati. Nani atajua kwamba mtoto mzima alikuwa ndani ya ule mwanga? Kifua chake, tumbo lake na vyote alivyopewa na Mungu vilipigwa, halafu vikakatwa kwenye kioo kana kwamba havikuwepo.

Yudith alijaribu kusema kwa upole wake.

"Fredrick mwanangu, huo mwanga si mkubwa kwa mtoto huyu?"

"Mama, hii ni dijitali. Tunakata baadaye."

"Unakata picha. Mionzi je, unaikata baadaye?"

Fredrick alicheka. "Mama Yudith bwana. Hizo ni habari za zama za mzee Zebedayo na filamu zake."

Na kweli, zama za filamu zilikuwa na afadhali moja. Ukizidisha nguvu, picha inatoka nyeusi kama tako la sufuria, kila mtu anajua umeharibu. Kompyuta inasawazisha. Hata ukizidisha mara tatu, picha inatoka nzuri, pengine nzuri zaidi, na mpigaji anasifiwa.

Na kitufe kilikuwapo. Kwenye ubao wa mashine mpya kulikuwa na vitufe vyenye michoro ya watu: mnene, wa kawaida, mwembamba, na mwishoni mtoto mdogo amenyoosha mikono. Yudith hajui Kiingereza, ila mchoro wa mtoto hauhitaji Kiingereza. Kitufe cha mtu wa kawaida kilikuwa kimechakaa, mchoro umefutika nusu. Kile cha mtoto bado kilikuwa na ile nailoni ya kiwandani. Kila asubuhi alipopangusa vumbi aliiona, inang'aa. Kila siku watoto watano, sita, siku ya gulio hata kumi, na nailoni haijaguswa.

Siku moja alileta ile karatasi ya Zebedayo.

"Hizo namba ni za mashine iliyokufa, mama," Fredrick alisema.

"Sawa. Basi andika za hii."

Hakuandika. Na ile aproni, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimetoboka, aliikunja mara nne akaikalia.

Wazazi nao, Mungu awasaidie, walikuwa wanaongezea. Mtu ametoka Mhezi au Chome na gari la alfajiri, mtoto mgongoni, ameshuka kona zote zile anatapika njia nzima. Akifika hataki kuambiwa picha moja ya kifundo cha mguu. Anataka faida ya safari. "Mmulike na kifua, daktari. Na tumbo, huwa linamsumbua. Tumetoka mbali." Fredrick, asiyependa kubishana, anamulika, na mama anapanda mlima moyo mweupe, anawaambia majirani mwanangu amepimwa mwili mzima. Yudith hakuwahi kuwakasirikia hao, maana naye alilelewa kule kule. Aliwakasirikia waliosoma, wanaojua, wanaonyamaza kwa sababu kueleza kunachukua dakika tano.

Tangu jioni ile ya tangawizi alianza kueleza yeye. Kwenye benchi la foleni, huku anafungua vifungo vya watoto, aliwaambia akina mama: ulizeni kama picha inatakiwa kweli, waambieni kama ameshapigwa kwingine. Sharifa naye, akishaelewa, akawa mkali kuliko mwalimu wake. Aliwasimamisha wateja wake sokoni. "Wewe, eksirei siyo vitamini," anawaambia, kisha anawapimia tangawizi.

Basi akaja Victoria.

Victoria alikuwa na miaka minne, wa kule kule Mhezi. Alianguka kwenye tuta la shamba akavunjika mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mama yake alikuwa na kichanga ndani, kwa hiyo aliyemleta ni bibi yake, Blandina, mwanamke mwembamba anayetembea haraka kuliko vijana. Siku ile ya kwanza alipigwa picha mara mbili, kwa sababu ya kwanza alijitikisa. Alijitikisa kwa kuwa hakuna aliyemwambia atulie. Fredrick alikuwa anaongea na simu. Mara zote mbili mwanga ulimmeza mtoto wote. Yudith alikuwa mlangoni, amebeba shuka, hakusema kitu. Kunyamaza kule kulimkosesha amani, na Jumapili alikutubia.

Mkono ukafungwa plasta. Baada ya wiki moja alirudi, akapigwa nyingine kuona kama mfupa umekaa sawa. Hiyo ilikuwa ya lazima, daktari aliitaka asubuhi ile. Kisha mchana, wakati bibi yupo kwenye benchi anasubiri majibu, Fredrick akatoka mlangoni.

"Bibi, mlete mtoto tena. Picha ya asubuhi haionekani kwenye kompyuta."

Blandina alisimama mara moja. "Haya, twende mama, upigwe upone."

Yudith alikuwa anakunja shuka. "Haionekani, au haijatafutwa?" akauliza.

"Nimeandika Victoria, haipo."

"Asubuhi mapokezi walimuuliza bibi jina. Walisema, jina? Akasema, Blandina. Nilimsikia. Itafute kwa Blandina."

Kosa hilo lilikuwa la kila siku pale. Mtu wa milimani akiulizwa jina anataja lake, maana ndiye aliyeulizwa. Kituoni wote walijua.

"Mama, kina Blandina pale ndani wako wangapi?" Fredrick akasema. "Mpaka niwapekue wote, foleni itafika barabarani. Kupiga nyingine ni dakika moja. Njoo umshike, leo analia."

"Simshiki."

Akina mama kwenye benchi wakageuka. Hawakuwa wamewahi kumsikia Yudith akikataa kitu.

"Unasemaje?"

"Simshiki, Fredrick. Huyu mtoto amepigwa tatu. Ya nne ni ya uvivu."

"Usinifanyie Upare hapa, mama, mambo ya kesi kila kona."

"Hata kama ni Upare," Yudith akasema. "Shikamoo mama Blandina. Njoo uone kitu."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

Yudith alimshika mkono akamwingiza ndani. Hakugusa kingine, aliwasha ile taa tu. Mraba wa mwanga ukaanguka juu ya meza tupu, mkubwa kama mkeka wa kuanikia maharage. Alichukua kanga yake mabegani, akaikunja kwa urefu wa Victoria, akailaza pale katikati. Mwanga uliifunika yote na kubaki pembeni.

"Mama, huu mwanga unapofika, mionzi inafika. Mtoto angelala hivi. Mkono unaoumwa ni huu upande. Huku ni kifua. Huku ni tumbo. Huku ni uzazi wake. Hii si dawa. Haimponyi. Na picha ya asubuhi ipo mle ndani, kwa jina lako."

Blandina alitazama kanga kwa muda, kisha akamtazama Fredrick.

"Ulinipigia mjukuu hivi?"

Fredrick alianza kusema habari za dijitali.

"Nimekuuliza kama ulinipigia mjukuu hivi."

Fredrick akaizima ile taa. Yule bibi akatoka na mjukuu wake, akakaa kwenye benchi la mbele kabisa, akafunga kanga yake kiunoni. "Mimi gari langu liende tu," alisema. "Nitalala hapa. Tafuteni picha." Mama mmoja akatoka kwenye foleni akaenda kukaa naye. Kisha mwingine. Wa tatu akauliza kwa sauti kama na mwanawe alipigwa mwili mzima kwa ajili ya kidole.

Picha ilipatikana. Blandina wa asubuhi ile walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa ameletwa kwa ajili ya nyonga. Kupekua kulichukua muda wa kumenya kitunguu kimoja. Daktari aliitazama, akasema mfupa umekaa vizuri, mtoto aende nyumbani. Victoria alipewa kipande cha muwa na mtu fulani kwenye foleni, akaondoka anakitafuna, amekishika kwa mkono ulio mzima.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo Fredrick ndiye angeitwa. Aliyeitwa ni Yudith.

Mganga mfawidhi, Daktari Nassoro, alimkaribisha kiti. Alikuwa mtu mwenye adabu na mafaili mengi.

"Mama Yudith, umewachochea wagonjwa. Na umegusa mashine. Wewe ni mhudumu, si mtaalamu."

"Ni kweli, daktari. Nimeishia darasa la saba."

"Sasa unajuaje kuhusu mionzi?"

"Nilifundishwa na mtaalamu aliyekuwepo. Lakini daktari, hata nisingefundishwa. Picha ilikuwepo. Kutafuta picha iliyopo kunahitaji cheti gani?"

Daktari Nassoro alizungusha kalamu. Alisema watazungumza na Fredrick ndani kwa ndani. Alisema kituo kina heshima yake. Alisema kuanzia Jumatatu Yudith atakwenda kufulia, na kwamba kama anataka kurudi chumba cha eksirei kwa mwaka huu mmoja uliobaki kabla ya kustaafu, aandike barua ya kuomba radhi kwa kuvuka mipaka ya kazi yake.

Kwa hiyo anayetaka mtoto asichomwe na mionzi ya bure amevuka mipaka, na anayemchoma watazungumza naye ndani kwa ndani. Yudith alirudi nyumbani na neno hilo tumboni. Kilichomuuma hakikuwa kufua. Ameshafua mashuka ya damu, maji hayamtishi. Aliwaza watoto wa Jumatatu. Nani atasimama pale mlangoni? Akiomba radhi, atarudi kusimama, lakini atakuwa amekubali kwa mkono wake kwamba kusema ni kosa, na mara ya pili hatasemeshwa bali atafukuzwa. Asipoomba, atakuwa kwenye karo la nguo, na mwanga utashuka juu ya watoto bila mtu wa kumkanyaga mpigaji mguu.

Aliomba siku tatu. Aliombea na Fredrick, kwa jina, ingawa alikiri kwamba siku ya kwanza lilikuwa ombi kavu.

Siku ya nne alikaa kwa Sharifa na kalamu.

"Andika radhi urudi," Sharifa alisema. "Neno moja tu. Ninyi Wapare wa juu, mtu akikukanyaga kidole unataka hukumu."

"Hakunikanyaga mimi. Angenikanyaga mimi ningenyamaza."

"Kwa hiyo hurudi?"

"Wakinirudisha nitarudi. Kwa uongo sirudi."

Sharifa akamsogezea chai ya tangawizi. "Haya andika. Na uandike kwa herufi kubwa, yule daktari anasoma kwa haraka."

Yudith aliandika karatasi moja, akaambatisha na ile ya Zebedayo yenye kalamu nyekundu, na Jumatatu aliipeleka mwenyewe masjala kabla ya kwenda kwenye karo. Neno la radhi halikuwemo. Wala habari ya kurudi chumba cha eksirei haikuwemo. Baada ya salamu aliandika hivi:

"Naomba mtoto akiletwa mtafute kwanza picha yake ya zamani. Ikibidi apigwe, mwanga uishie pale anapoumwa. Na ile nailoni kwenye kitufe cha mtoto naomba itolewe, kitufe kitumike."